Tarumbeta ya B flati mkononi, karatasi imeandikwa "in E": nianzie wapi?

Swali: Nimepiga tarumbeta ya B flati katika bendi ya shaba kwa miaka mingi, na huko kila karatasi niliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya B flati. Sasa nimeingia okestra. Kwenye faili langu kuna Simfoni ya 9 ya Dvořák, na sehemu yake ya nne imeandikwa "in E". Kuna pia utangulizi wa Leonore namba 3 wa Beethoven, ambamo tarumbeta inayopigwa nje ya jukwaa imeandikwa "in B". Jirani yangu anasoma yote hayo bila kuandika kitu. Mimi nahesabu noti moja moja, na nikiinua macho wenzangu wameshamaliza ukurasa. Nijifunze vipi kuhamisha noti, yaani kuona noti moja na kupiga nyingine? Niziandike upya? Au ninunue tu tarumbeta ya C?

Jibu: Ndugu, tuitoe kwanza ile "in B" njiani, kwa sababu haikuhitaji kuhamisha chochote. Wajerumani huita B kile ambacho wewe unakiita B flati, na ile B isiyo na flati wao huiita H. Kwa hiyo mlio ule wa nje ya jukwaa umeandikwa kwa tarumbeta kama hiyo hiyo uliyo nayo. Usome kama ulivyo. Zizoee alama hizi mapema: Es ni E flati, As ni A flati, H ni B ya kawaida. Karatasi za Kifaransa zitasema ut kwa C, ré kwa D, mi, fa, sol, la, na si bémol kwa B flati. Za Kiitaliano hufanana na hizo, ila C huwa do. Ukiona "muta in F" katikati ya ukurasa, maana yake kuanzia hapo badili, sasa uko katika F. Wapo wapigaji hodari walioharibu mazoezi mazima kwa kusoma "in H" kana kwamba ni "in B", na nusu toni ikikosewa na tarumbeta, ukumbi wote unajua.

Sasa tuje kwenye E, ndiko kwenye kazi yenyewe.

Inasaidia kujua kwa nini watunzi walituachia mzigo huu. Tarumbeta ya zamani ilikuwa bomba tupu lisilo na pistoni. Ilitoa tu noti za mfululizo wa hamoniki: chini zimeachana mno, kisha C, E, G, na juu zaidi ndiyo zinakaribiana mpaka unapata C, D, E za mfululizo. Wimbo ukiwa katika D, mpigaji alichomeka kipande cha bomba chenye urefu wa kuifanya tarumbeta yote iwe ya D, kisha akaendelea kusoma C, E na G zake zile zile. Maneno "in D" yalikuwa maelekezo ya bomba gani lichomekwe. Mwaka 1818 Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza ya vali, yaani vibonyezo kama pistoni zako, huko Prussia, na taratibu tarumbeta ikaweza kupiga noti zote. Lakini desturi ya kuandika haikufa. Brahms na Dvořák, walioandika vali zikiwa zimeshaenea, bado walitaja bomba juu ya karatasi. Kazi iliyokuwa ya bomba ikahamia kichwani kwa mpigaji.

Na humo kwenye historia ndimo mna njia ya kujifunzia. Mpigaji wa zamani hakuhesabu umbali wa kila noti. Alijua jambo moja tu: C iliyoandikwa ndiyo nyumbani. Ukisoma noti moja, ukaipandisha toni tatu, ukaenda kwa ya pili, ukaipandisha toni tatu, utachelewa daima hata ukiwa na akili ya kikokotoo. Hamisha nyumbani mara moja, kabla ya kupuliza, kisha soma noti zote kwa uhusiano wake na hapo nyumbani. Kama ulianza muziki kwa solfa una bahati kubwa, kwani hiyo ndiyo solfa yenyewe: C iliyoandikwa ni do, E ni mi, G ni so. Kinachobadilika ni mahali do inapokaa kwenye pistoni zako.

Do inakaa wapi? Tarumbeta ya B flati husikika toni moja chini ya noti unayoisoma, kwa hiyo kanuni ni moja: chukua jina lililoandikwa juu ya karatasi, panda toni moja. "In C", do yako ni D. "In D", do ni E. "In Es", do ni F. "In F", do ni G. "In A", do ni B isiyo na flati, "in As" ni B flati, "in H" ni C shapu. Na "in E" do ni F shapu. Kwa C, D, Es, E na F unapiga juu ya kilichoandikwa: toni moja, mbili, mbili na nusu, tatu, na tatu na nusu. Kwa A unashuka nusu toni, kwa As unashuka toni moja. H unapanda nusu toni. G kwa kawaida unashuka toni moja na nusu.

Uliulizia E, na ni haki yako kuiogopa, maana kwa mwenye B flati hakuna iliyo mbali kuliko hiyo. Ufunguo wa F shapu kubwa (F sharp major) una shapu sita. Ila tazama kwanza kazi yenyewe inataka nini. Katika muziki wa Haydn, Mozart na Beethoven, tarumbeta "in E" ingekuwa hasa na C, E, G na C ya juu. Kwenye chombo chako hizo ni F shapu, A shapu, C shapu, F shapu: pistoni ya 2, ya 1, ya 1 na 2 pamoja, kisha ya 2. Ni vidole vinne tu vya kukariri. Vipige juu chini, polepole, huku ukiimba do mi so do akilini, mpaka macho yakiona C vidole viende kwenye 2 bila kuulizana. Ukifika hapo umeshaweza sehemu kubwa ya karatasi za E za zama zile.

Dvořák amekwenda mbali zaidi, lakini si kwa ukali unaodhani. Wazo kuu la sehemu ya nne, lile linalopigwa na tarumbeta na honi, linaanza kwa noti zilizoandikwa C, D, E flati, D, C. Iangalie hiyo E flati. Inakuambia kwamba hapa nyumbani ni pa huzuni, yaani ufunguo mdogo. Kwa hiyo achana na shapu sita. Uko katika F shapu ndogo, yenye shapu tatu tu, na unachopiga ni F shapu, G shapu, A, G shapu, F shapu. Mpigaji anayehesabu toni tatu kwa kila noti atafika kwenye E flati, atatafuta "A ya namna gani", na atakuwa amekwisha pitwa. Anayejua kwamba yuko nyumbani kwa F shapu ndogo anaimba tu mwanzo wa skeli.

Ndiyo maana nasisitiza skeli. Hakuna kuhamisha kwenye ufunguo ambao skeli yake huiwezi usiku wa manane. Watu wengi wanaosema "siwezi kuhamisha in E" wanachoshindwa ni skeli ya F shapu. Bendi za shaba hukaa sana kwenye flati, na okestra hukuingiza kwenye shapu, basi huko ndiko vidole vyako vina deni. Piga E kubwa, B kubwa na F shapu kubwa kila siku, pamoja na ndogo zake, kabla hujagusa karatasi yoyote ya kuhamisha.

Karatasi za zamani huwa hazina alama za ufunguo mwanzoni mwa mstari, na hili huwachanganya wageni. Mtunzi anaweka shapu au flati pale tu inapotokea. Wewe unaziweka zile za ufunguo mpya kichwani, kisha unashughulika na zinazojitokeza kwa swali moja: je, noti hii imepandishwa au imeshushwa kuliko ilivyo kawaida yake nyumbani? Ikiwa imeshushwa, nawe shusha noti yako nusu toni, bila kujali alama itaonekanaje. Chukua "in F". Do yako ni G, na G kubwa ina F shapu. Ukiona B flati imeandikwa, hiyo ni ti iliyoshushwa. Ti yako ni F shapu, kwa hiyo unapiga F ya kawaida. Flati ya kwenye karatasi imekuwa F isiyo na alama mkononi mwako. Kwa "in D" ni vivyo hivyo: E flati ni mi iliyoshushwa, mi yako ni G shapu, unapiga G. Ukishikilia kwamba flati lazima ibaki flati utaumia.

Kwa A na H, ambazo ziko nusu toni tu kutoka kwako, iko njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote. Usihamishe mahali pa noti kwenye mistari, badili alama za ufunguo peke yake. Karatasi "in A" ikiwa na wimbo ulioandikwa katika E kubwa, ona pale pale E flati kubwa: mistari ile ile, majina yale yale, shapu nne zimekuwa flati tatu. D kubwa inakuwa D flati kubwa, shapu mbili zinakuwa flati tano. Ukijumlisha shapu za mwanzo na flati mpya utapata 7 kila mara, na hapo unajua hukukosea. Simfoni ya 5 ya Tchaikovsky ina tarumbeta "in A", kwa hiyo hili si zoezi la darasani. Kwa H unafanya kinyume: kilichoandikwa E flati kukione E, flati tatu ziwe shapu nne. Udhaifu wa njia hii ni pale muziki wa "in A" ulipoandikwa katika C, maana ukiisoma kama C flati una flati saba, na hapo ni afadhali kukubali B kubwa na shapu zake tano.

Utasikia pia kuhusu njia ya klefu: unajifanya kwamba mwanzoni mwa mstari kuna klefu nyingine, ile alama inayosema mstari upi ni noti gani. Inafanya kazi. Kupanda toni moja ni sawa na kusoma klefu ya alto, na kushuka toni moja ni klefu ya tena (tenor). Waliofundishwa klefu zote tangu utotoni huruka nazo kama ndege. Kwa mtu mzima aliyekulia kwenye klefu moja, kujifunza klefu saba ili kuhamisha tarumbeta ni kazi kubwa kuliko kuhamisha kwenyewe, na bado alama za katikati utazihesabu vile vile. Nabakiza moja tu: kama unasoma klefu ya besi, basi karatasi "in D" kwa tarumbeta yako ni klefu ya besi yenye shapu nne. Oktava ipuuze. Itumie leo hii.

Usianze kujifunza na E. Anza na C, yaani kupanda toni moja, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi: Simfoni ya 5 ya Beethoven, Simfoni ya 41 ya Mozart, ile kubwa ya Schubert katika C. Kisha D, ambayo ni tarumbeta ya Haydn katika Simfoni ya 104 na ya Beethoven katika ya 9. Na jihadhari hapa, bomba halifuati ufunguo wa wimbo kila mara. Simfoni ya 7 ya Beethoven iko katika A kubwa lakini tarumbeta zake ni za D. Baada ya D nenda F, maana huko kuna Bruckner, Tchaikovsky wa Simfoni ya 4, na Sibelius wa ya 2, na hapo tarumbeta haina tena do mi so pekee, ina nyimbo ndefu. Es itaingia yenyewe katikati. A na E baadaye. As na H ziache mpaka uzihitaji. Gwaride la ushindi la Aida, opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza Kairo mwaka 1871, lina tarumbeta ndefu za As na baadaye za H, na ni nzuri mno kuzijaribu ukiwa peke yako chumbani.

Mazoezi yenyewe yawe mafupi na ya kila siku. Robo saa inatosha, na ikizidi sana akili inaanza kukisia. Chagua wimbo mwepesi wa mistari minne ambao unaujua kwa kuimba. Usome kwanza bila kupuliza: taja solfa kwa sauti huku ukibonyeza pistoni. Ndipo upulize, polepole kiasi kwamba hukosei. Wimbo huo huo kaa nao wiki nzima kwa bomba moja. Wiki inayofuata bomba jingine. Jizuie kubadili wimbo haraka, kwa sababu ukijua unavyopaswa kusikika, sikio litakushtaki papo hapo. Likishakushtaki vya kutosha, hamia kwenye vitabu. Mazoezi 100 ya Sachse ndiyo yaliyozoeleka kwa kazi hii, na yameandikwa kabisa juu yake ni bomba gani. Ukiyaanza, weka metronomu na usisimame. Noti ikikupita, iache. Okestrani kukosa noti moja kunasahauliwa kabla ya mstari kwisha, lakini kuingia nusu kipigo nyuma ya wenzako kunaikumbusha kila familia ya vyombo kwamba upo.

Usipoteze pia zile pumziko ndefu. Tarumbeta wa okestra hukaa pembeni akihesabu, na katika muda huo unaweza kutafuta noti yako ya kwanza, kuishika kidoleni, na kuisikia kichwani kutoka kwa vinanda vinavyopiga mbele yako. Noti ya kwanza baada ya pumziko ndiyo inayopotea kwa wengi. Ikiwa imeandikwa G "in D", usingoje hadi kipigo cha mwisho ndipo ukumbuke kwamba kwako ni B.

Kuhusu kuandika upya: kwa tamasha la kwanza, ukiwa na wiki mbili tu, andika vile vipande vinavyokushinda na hakuna atakayekucheka. Usiandike karatasi nzima. Sababu si uvivu wala heshima ya mabingwa. Kondakta anaangalia karatasi kuu, ambamo tarumbeta yako imeandikwa kama ilivyo kwenye nakala ya awali. Atasimamisha na kusema, tarumbeta ya pili, G yako iko chini. Mwenye karatasi aliyojiandikia hana G mahali pale, anaanza kutafuta, na dakika ya watu themanini inapotea. Zaidi ya hapo, kwenye majaribio ya kuajiriwa na okestra utapewa vipande katika nakala zake za awali, na wakati mwingine karatasi ya kusoma papo kwa papo.

Tarumbeta ya C ni chombo kizuri, lakini haikuondolei kuhamisha. Inabadilisha tu kipi ni kigumu. Kwa mwenye C, "in E" ni kupanda toni mbili, do ni E, na wazo lile la Dvořák linakuwa E ndogo yenye shapu moja. Kwa upande wa pili karatasi zote za B flati, ikiwemo ule mlio wa Leonore, sasa lazima uzishushe toni moja. Georges Mager, Mfaransa aliyekuwa tarumbeta wa kwanza Boston kuanzia mwaka 1920 hadi 1950, ndiye anayetajwa sana kwa kuifanya C ikubalike katika okestra za Marekani, na mwanafunzi wake Adolph Herseth alikaa kiti cha kwanza Chicago zaidi ya nusu karne. Wanayo sababu: mlio wake una ung'avu unaopenya, na funguo za shapu zinakuwa rafiki. Lakini ina tabia zake za tyuni, na kujifunza tabia hizo pamoja na kuhamisha kwa wakati mmoja ni kujipa maadui wawili. Kaa na B flati mpaka C, D na F zikutoke bila kufikiri. Hapo ndipo uinunue.

Kwa wiki hii, basi: piga F shapu ndogo kila siku, juu na chini. Imba wazo la sehemu ya nne mpaka lisikutoke, lipige bila karatasi ukianzia F shapu, kisha ndipo uiweke karatasi mbele na uangalie C ile huku ukisikia F shapu. Pale alama za katikati zinapokuwa nyingi, andika jina la noti moja ya kushikia juu ya mstari, siyo zote. Na tumia penseli laini. Karatasi hizi mara nyingi ni za kukodi, na atakayezipokea baada yako huenda ana tarumbeta ya C.